Kidole cha Sita

Jumamosi hiyo watu wa mtaa wa Chapwa, mjini Tunduma, walicheka mbele ya kibao cha Yesaya kuliko walivyowahi kucheka, na Yesaya mwenyewe akasimama mlangoni mwa karakana yake, mkono wa kulia ameuzamisha mfukoni mwa koti, akipokea sifa ambazo hazikuwa zake.

"Fundi, safari hii umetuua," alisema kijana mmoja wa bodaboda huku akiipiga picha ile kwa simu. "Hii naituma mpaka Vwawa."

"Itume tu," Yesaya akajibu. Angesema nini kingine?

Mji mzima ulikijua kibao kile. Siku nyingine za juma Yesaya alikuwa mchora mabango wa kawaida, wa saluni na bucha na malori, lakini Jumamosi asubuhi alibandika picha moja ya kuutania mji: foleni ya mpakani, mafundi cherehani wanaokaa na vitambaa vya watu mpaka Krismasi inapita, wanakwaya wanaogombania maikrofoni. Alichora kwa mtindo wa Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria, wale waliokuwa wakiwasema wakubwa wao kwa picha: vichwa vikubwa juu ya miili midogo, wanyama waliovaa makoti, na mistari myembamba ya wino iliyokatizana kama wavu. Mtindo huo aliutoa kwenye kitabu kisicho na jalada alichopewa ujanani na mwalimu mmoja wa misheni huko Ileje, na kutoka Mbozi mpaka mpakani hakuna mtu mwingine aliyeuweza.

Picha ya safari hii ilikuwa ya mnunuzi wa mahindi. Tumbo limetangulia, kofia ndefu ya Kizungu kichwani, koti lenye mkia nyuma. Mbele yake lilisimama gunia la lumbesa, lile linaloongezewa kilemba juu ili mkulima auze gunia moja na nusu na kulipwa gunia moja. Mkulima alikuwa kando, mwembamba, amevua kofia. Mkono wa mnunuzi ulikuwa umelala juu ya mizani.

"Hebu hesabuni vidole vya huyu bwana," alisema mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa amesogea karibu kuliko wote. "Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano... Sita! Jamani, ana vidole sita! Hicho cha sita ndicho kinachokandamiza mizani!"

Umati ukalipuka. Mmoja alishika mbavu, mwingine akachuchumaa kabisa. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akipita na gazeti lake alisimama, akatazama kwa muda, kisha akatangaza kwamba miaka yote hiyo Yesaya alikuwa anachora tu, lakini leo amefikiri.

Maneno hayo yalimchoma Yesaya, maana alikuwa anasifiwa kosa. Alivaa miwani, akasogea, akahesabu mwenyewe. Vidole vilikuwa sita kweli, cha sita kimechomoza kando ya kidole gumba bila aibu yoyote. Jana yake alionyeshwa picha ile kwenye simu, ndogo kama stempu, akasema sawa. Sasa aliinua macho kutoka kwenye mkono kwenda kwenye uso, akasogea karibu zaidi. Nyusi zilizoungana. Pengo la jino la mbele. Mashavu yale. Huyu hakuwa mnunuzi wa mahindi hivi hivi. Alikuwa Anyosisye, mnunuzi wa mahindi wa Majengo, baba yake Gwamaka, na Gwamaka alikuwa anamwoa Tusekile, binti pekee wa Yesaya, mwezi wa tisa.

"Ee Mungu wangu," alisema taratibu, akaibandua picha kwa mkono wa kushoto. Watu walimpigia kelele za kumlaumu. Lakini hata alipoikunja na kuiingiza ndani haikusaidia kitu, kwa kuwa ilishaingia kwenye simu zao.

* * *

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana. Tusekile alitoka jikoni mikono ina unga, akamkuta baba yake ameitandaza picha juu ya meza.

"Hebu niambie. Huyu ni nani?"

"Mnunuzi wa mahindi, baba."

"Mnunuzi yupi?"

"Yeyote tu. Mnunuzi..." Akainama karibu zaidi, na macho yakamtoka. "Mama! Mama, njoo!"

Ferista alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Alitazama mara moja tu, akavuta ndoo iliyokuwa karibu, akaigeuza na kuikalia.

"Mmemtundika mkwe barabarani," alisema.

Siri ya nyumba ile ilikuwa hivi. Tangu mwezi wa tatu mkono wa kulia wa Yesaya ulikuwa haumtii. Ni kiharusi kidogo, daktari alisema, cha kumshukuru Mungu. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu nao ukarudi, mkono ukabaki unatetemeka na kushika unachotaka wenyewe. Herufi za mabango Tusekile aliziandika yeye, baba yake akimwelekeza nyuma ya mlango uliofungwa. Picha ya Jumamosi ndiyo iliyokosa mtu. Juma la kwanza kibao kilikaa kitupu, juma la pili pia, na watu wakaanza kuuliza fundi ana nini. Ndipo Tusekile, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi, alipoifungua ile programu ya akili mnemba kwenye simu yake na kuiamuru ichore.

Haikuwa kazi rahisi. Aliiambia ifuate mtindo wa Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria, mistari ya wino iliyokatizana, kichwa kikubwa, kejeli. Programu ikaleta kejeli kweli, ila ya huko kwao: wazungu wenye ndevu za mashavuni, ukungu, farasi. Alipoiambia mahali pawe Tunduma, ikawaweka wazungu wale wale chini ya mgomba. Alipoiambia watu wawe Waafrika, ikamchorea watu waliovaa majani, na Tusekile akashinda na hasira siku nzima. Chini ya kila picha iliandika maneno yaliyofanana na Kiingereza lakini hayakuwa lugha ya mtu yeyote, akawa anayakata kwa mkasi. Mwishowe alifungua sanduku la baba yake, akaipiga picha michoro yake ya zamani na kuilisha programu ile ijifunze. Kuanzia hapo mambo yakaenda. Majuma kumi na moja alichapa picha kwenye karatasi ngumu, akaibandika Jumamosi alfajiri, na hakuna aliyegundua.

"Ulichukua michoro ipi sandukuni?" Yesaya aliuliza sasa.

"Ya kwenye bahasha ya kaki. Ndiyo iliyokuwa safi, haijaliwa na mende."

Yesaya alifumba macho. Bahasha ya kaki ilikuwa ya Anyosisye peke yake.

Yeye na Anyosisye walikuwa watani. Babu zao walitaniana huko Ileje, ukoo kwa ukoo, na wao wakaurithi utani jinsi watu wanavyorithi shamba. Miaka thelathini, kila Yesaya alipokosa la kuchora alimchora Anyosisye: kiboko aliyevaa koti, jogoo juu ya gunia, mbuzi anayesoma gazeti. Naye Anyosisye alikuja mwenyewe karakanani kumtukana, akakaa, akanywa chai mpaka birika likaisha. Mwaka uliopita Gwamaka alileta barua ya posa, na utani ukafa siku hiyo hiyo. Mkwe hataniwi. Mkwe huvutiwa kiti, na jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Watu wawili waliokuwa wakiitana fisi na nguruwe mchana kweupe wakaanza kuulizana habari za mvua. Yesaya aliikusanya michoro yote, akaitia kwenye bahasha na kuizika chini kabisa ya sanduku.

Akili mnemba, maskini, haikuambiwa habari za ukwe. Majuma yaliyopita iliombwa mafundi na wanakwaya, watu wembamba. Safari hii kwa mara ya kwanza iliombwa mtu mnene, na watu wanene wote iliowahi kuwaona kwenye michoro ya Yesaya walikuwa na uso mmoja. Tusekile naye hakushtuka, kwa kuwa tangu anaanza kuona, mtu mnene aliyechorwa na baba yake alikuwa na sura ile.

"Na kidole je?" Ferista aliuliza.

"Kidole ni makosa tu, mama. Hizi programu vidole huwa zinavikosea."

"Ikavikosea kwenye mkono wa mkwe!"

Tusekile alianza kulia, unga ukiwa bado mikononi, akajipaka usoni bila kujua. Yesaya alitaka kumfuta. Mkono wake ulikwenda, ukatetemeka hewani, akaurudisha mfukoni.

* * *

Kesho yake baada ya ibada alikuja Isaka, mshenga, mzee mpole aliyezipenda nyumba zote mbili na aliyekuwa akitembea mikono nyuma. Ferista alimletea chai. Isaka alikishukuru kikombe, akakisogeza pembeni bila kukigusa, na Ferista akajua habari ni mbaya.

"Mzee Yesaya, nimetumwa. Tarehe imesimama."

"Imesimama, au imevunjika?"

"Imesimama. Ila imesimama kwa mguu mmoja."

Akaeleza. Jana mchana Anyosisye alikuwa stoo kwake akipima mahindi, na mama mmoja mkulima alimwomba kwa adabu zote aweke mikono nyuma wakati wa kupima. Aliyefuata akaomba hivyo hivyo. Anyosisye, ambaye watu wote wanajua hajawahi kununua lumbesa maishani mwake, alipima mahindi mchana kutwa mikono ikiwa nyuma, mithili ya mwanafunzi aliyekamatwa. Na leo kanisani, alipokwenda kutoa sadaka, watoto wa mstari wa mbele walimhesabu vidole kwa sauti.

"Anasema hivi," Isaka aliendelea, macho yakiwa sakafuni. "Kama Yesaya ana neno na mizani yangu, angekuja akaniambia. Kunichora wakati ukwe umeshaingia ni kuniambia mwanao hatumtaki. Basi Jumanne mje nyumbani kwake mseme. Kama mkono wa Yesaya ndio uliochora, anaomba mumrudishie barua yake ya posa."

"Si baba aliyechora!" Tusekile alisema kutoka mlangoni. "Ni simu. Niliitumia mimi."

Isaka alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, ile mistari hata mimi mwenye mtoto wa jicho naijua ni ya nani."

Alipoondoka, chai yake ilikuwa imeota utando. Tusekile aliinywa akiwa amesimama, baridi vile vile, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Gwamaka alikuwa amempigia simu mara moja tu tangu jana, akamwambia baba hasemi na mtu, akakata.

* * *

Jumatatu alikuja mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwenye baa mbili na gari lililong'aa.

"Mulishani, bashikulu!" alimsalimu Yesaya kwa heshima wanayopewa wazee kwao, akanyoosha mkono. "Wewe ndiye uliyechora yule bwana wa vidole sita?"

Yesaya alimpa mkono wa kushoto. Mteja alitazama mkono ule, uso ukapoa kidogo, lakini biashara ikamshinda. Alitaka picha nne za namna ile ile kwenye ukuta wa baa yake. Alisema ameishi Lusaka na Ndola, ameona wachoraji wengi, lakini mtu wa kukiweka kidole kile mahali pale hajamwona.

Haifai kuficha: Yesaya aliona utamu. Katika miaka arobaini ya brashi hakuna mtu aliyevuka mpaka kuja kumsifu. Alisikia kinywa chake kikisema, "Tutaona, njoo Ijumaa," na mteja akaondoka akicheka peke yake.

Ferista alikuwa amesikia yote. Alikuja na kichupa cha mafuta, akakaa mbele yake, akautoa mkono mfukoni na kuuweka magotini mwake, akaanza kuukanda jinsi alivyofanya kila siku tangu mwezi wa tatu. Ndiye aliyemfunga vifungo vya shati pia, na hata siku moja hakulisema jambo hilo mbele ya mtu.

"Kesho utasema," alisema.

"Nitasema ni simu."

"Na wakiuliza fundi mzima anachorewaje na simu?"

Yesaya aliutazama mkono wake. Ferista akaendelea kukanda, kidole kimoja kimoja.

"Mke wangu, mimi nina nini kingine? Sina mibuni, sina ng'ombe. Watu wakipita hapo nje wanasema pale ni kwa Yesaya. Yesaya ni nani? Ni mkono huu."

"Ulikuwa huu," Ferista alisema, na mara akajuta, akaufunika mkono kwa viganja vyake viwili. "Samahani, Baba Tusekile. Lakini binti yuko ndani anakunja upya shuka zake za harusi. Amezikunja tangu asubuhi. Nenda kamwone."

Hakwenda. Alibaki amekaa palepale, akimsikia Tusekile kupitia ukutani akifungua na kufunga kabati.

* * *

Sebule ya Anyosisye ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na Jumanne hiyo kila kitambaa kilikuwa kimenyooshwa. Anyosisye alikaa kwenye kiti chake, mikono ameikunja kwapani, haionekani. Dada yake Judith alikaa kando yake wima kabisa. Isaka alikuwa katikati ya pande mbili, Gwamaka amesimama mlangoni hana raha. Ferista na Tusekile walikaa mkekani. Chai haikuletwa.

Isaka alifungua kwa sala, kisha Tusekile akapiga magoti na kusema yote: programu, bahasha ya kaki, mtu mnene, kidole. Aliitoa simu akawaonyesha picha za majaribio, wazungu chini ya mgomba na farasi kwenye foleni ya malori. Gwamaka alisema ni kweli, programu hizo zipo, hata yeye anazo.

"Sikatai kwamba zipo," alisema shangazi Judith. "Lakini mwanangu, uso wa kaka yangu uliitoka wapi hiyo simu? Na jambo moja mnieleze, mimi sikusoma sana. Mtu ana mkono wake wa kuchora, mji mzima unaujua. Huyo anaiachiaje simu kazi yake?"

Swali likatua katikati ya chumba. Tusekile alifungua kinywa, akamtazama baba yake, akakifunga. Alikuwa ameahidi mwezi wa tatu kwamba hatasema, na hata hapo, harusi yake ikiwa inaondoka mbele ya macho yake, hakusema. Yesaya aliliona hilo, na likamuuma kuliko ugonjwa.

"Jamani," Isaka alijaribu, "mzee aseme tu alipitiwa, aombe radhi, atoe mbuzi..."

"Sitaki mbuzi," alisema Anyosisye. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Namtaka aseme. Mkwe, ulichora au hukuchora?"

Yesaya alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, maneno mengi, lakini yalipotea yote.

"Nipeni karatasi," alisema. "Na penseli."

Gwamaka alichana ukurasa wa daftari. Yesaya akasogea mezani, akautoa mkono mfukoni mbele ya watu wote, akashika penseli. Alitaka kuchora duara tu, kichwa, kitu alichoweza kukichora gizani tangu ana miaka kumi na tano. Penseli iligusa karatasi ikaruka. Ikagusa tena, ikaenda pembeni, ikarudi, ikatoboa. Kisha ikamponyoka, ikabingirika mpaka kwenye miguu ya shangazi Judith. Gwamaka aliinama kuiokota.

"Acha," Yesaya alisema. Aliinama mwenyewe, akaiokota kwa shida, akajaribu tena huku jasho likimtoka puani. Duara halikufunga. Akaigeuza karatasi ili waone.

"Ni hivi tangu mwezi wa tatu. Mabango mapya mnayoyaona mjini ameandika binti yangu. Picha mlizocheka tangu Pasaka zimechorwa na simu, zote, hata hiyo ambayo mwalimu alisema nimefikiri. Sikuwa na mkono wa kukutukania, mkwe. Hata wa kujifungia shati sina. Na Jumamosi nitayaandika haya haya kwenye kibao, niyaandike mimi, hata yakisomeka vibaya, ili watu wa mizani wakuache."

Shangazi Judith aliangalia vidole vyake mwenyewe.

"Ndaga, mkwe," alisema hatimaye kwa lugha ya nyumbani, sauti imelainika. "Ndaga. Pole sana."

Anyosisye hakusema pole. Aliitazama ile karatasi, kisha akasema, "Tokeni."

"Nani atoke?" Isaka aliuliza.

"Wote. Nendeni uani mkale. Nibaki na mkwe wangu."

* * *

Mlango ulipofungwa walibaki wazee wawili, meza katikati yao.

"Mwezi wa tatu," Anyosisye alisema.

"Wa tatu."

"Siku ya Pasaka nilikunyooshea mkono pale mlangoni mwa kanisa. Ukapita, umeushika mfuko wako. Nikasema, mtu huyu tangu tuwe wakwe amejiona. Hasira yangu ilianza siku ile, picha ilikuja kuimalizia tu."

"Niliogopa ungeona."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambiaje? Zamani ningekuja stoo nikakuambia, ungenitukana wiki nzima, nikapona. Sasa wewe ni mkwe. Mkwe hapelekewi magonjwa sebuleni kwake."

Anyosisye alitazama mlango. Alikivuta kiti chake karibu, akainama, akashusha sauti.

"Nikuambie kitu, na ukikirudia nitakukana mbele ya mchungaji. Walipoituma ile picha nilikuwa stoo peke yangu. Nilicheka, Yesaya. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia. Mwaka mzima hakuna mtu aliyenitukana. Ni shikamoo mzee, karibu kiti mzee, kana kwamba nimeshakufa. Nilipoona ule mkono nikasema, amerudi. Mwenzangu amerudi. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ni mkwe, ikabidi nikasirike."

Yesaya naye alikuwa amemkosa mtu huyu mwaka mzima, akiwa anaishi mwendo wa robo saa kutoka kwake.

Anyosisye aliigeuza karatasi upande ulio safi, akaisukuma. Akairudisha penseli mezani.

"Watu wametoka," alisema. "Nichore."

"Umeuona mkono."

"Nimeuona. Nichore nao hivyo hivyo."

Akajinyoosha kitini, akainua kidevu, akatoa mikono kwapani na kuiweka magotini. Yesaya akachora. Ilichukua muda. Huko uani sahani ziligongana, shangazi Judith akaagiza chumvi, mtu akacheka kidogo na kujizuia. Mstari ulikwenda ulikotaka, yeye akaufuata. Kichwa kilitoka na vinundu, jicho moja likapanda, pua ikakimbilia sikio. Tumbo halikupata nafasi, likamalizikia nje ya karatasi, juu ya kitambaa cha kufuma cha meza.

Anyosisye aliishika karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Wewe."

"Mbona kama kiazi kilichokosa mvua?"

"Ndivyo ulivyo, fisi wewe. Simu ilikupendelea."

Kicheko kilimtoka Anyosisye puani kwanza, akakiziba kwa leso, kikatokea kwingine. Yesaya alijilaza juu ya meza, mabega yanamruka, machozi yanadondokea kiazi. Kila mmoja alipotulia alimtazama mwenzake, wakaanza upya, wakibana midomo kama vijana walio kanisani. Uani kulikuwa kumenyamaza. Nyayo zikasogea mlangoni.

"Wazee?" Isaka aliita kwa wasiwasi. "Kuna amani huko?"

"Subiri!" Anyosisye alisema.

Aliikunja karatasi mara nne, akaivua kofia yake na kuisukumia chini ya bitana, akaivaa. Akajifuta macho. Akamfuta Yesaya pia, kwa leso ile ile, upande ambao mkono wa kushoto ulikuwa haujafika. Kisha akainuka na kufungua mlango.

Ferista ndiye aliyeingia wa kwanza, Tusekile nyuma yake, nyuso zao zimekauka kwa hofu.

"Mmeelewana, mkwe?" Ferista aliuliza, macho chini.

"Tumeelewana," Anyosisye alisema kwa sauti nzito, akiutazama ukuta. "Tarehe ipelekwe kanisani. Na mkwe wangu aletewe chai, amechoka."

Hakumtazama Yesaya hata mara moja. Angemtazama tu, kicheko kingemtoka tena, na shangazi Judith alikuwa ameshaingia na birika.